Kwenda Kisiwani Kwataka Hesabu ya Maji

Kila mwaka masika yanapokwisha na barabara ya kusini kukauka, huanza kuonekana katika gati ya Kilwa Masoko makundi ya watu waliovaa viatu vizuri, wakiuliza chombo cha kuwavusha kwenda Kisiwani. Wengine ni wanafunzi na walimu wao, wengine ni wageni wa nchi za mbali, na wengine, tena si haba, ni maofisa wa serikali waliokuja wilayani kwa shughuli nyingine na kuona si vizuri kurudi makwao bila ya kuyaona magofu. Karibu wote wanafanana katika jambo moja: wana saa mbili tu.

Hatusemi kwamba ziara fupi ni mbaya. Mtu mwenye saa chache aliyejipanga vema huweza kurudi na mengi kuliko mwenye siku tatu aliyekwenda ovyo ovyo. Swali letu ni jingine. Je, ni nani aipangaye ziara hiyo? Desturi imekuwa kwamba ratiba huandikwa mezani, mkoani au wilayani, kisha bahari na wanakijiji hutakiwa kuifuata. Rai yetu ni kinyume cha hayo. Ratiba ya Kisiwani ianze na maji, ifuatwe na wenyeji, na ofisi ije nyuma.

Twasema hivyo kwa sababu sisi wenyewe tumo katika lawama. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa miongoni mwa waliopewa kazi ya kuuandaa msafara mmoja wa viongozi kwenda huko. Ulikuwa mwezi wa Agosti, kusi inavuma, na siku yenyewe iliangukia mara tu baada ya mwezi mpevu, bamvua limekaza. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa ametuma salamu mapema kwamba wageni wavuke saa moja asubuhi, maji yakingalipo, kwani wakichelewa watakuta pwani imekauka. Salamu hizo tulizipokea, tukazitia mfukoni. Asubuhi ile kukawa na chai, baada ya chai hotuba, baada ya hotuba taarifa ya utekelezaji ikasomwa yote tangu mwanzo hadi mwisho, na tulipofika gatini ilikuwa yapata saa tano. Mashua ilikwama mbali na Gereza. Wakubwa wakakunja suruali, wakashuka, wakatembea juu ya mchanga na majani ya bahari, viatu mkononi, na mmoja wao akakatwa unyayo na gamba la chaza. Walipofika nchi kavu walikuwa wamekwisha kasirika. Wakaonyeshwa Gereza, wakapelekwa Msikiti Mkuu, wakapigwa picha, na mtu wa itifaki akaanza kutazama saa yake.

Lipo ambalo halikuandikwa katika taarifa ya safari ile. Akina mama wa kijiji walikuwa wamepika tangu alfajiri. Walichangishana mchele na nazi, wavuvi wakatoa changu na pweza, na masinia yakapangwa chini ya mwembe, yamefunikwa makawa. Hakuna aliyewaambia kwamba msafara ungekula mchana Masoko, katika nyumba ya wageni, kwa fedha zilizokwisha lipwa. Tulipita karibu kabisa na masinia yale tukielekea pwani. Bibi mmoja mtu mzima alisimama, akatuuliza kwa adabu, "Wanangu, mbona mwaondoka hamjanawa?" Tukasema ratiba. Yeye akalirudia neno lile, "Ratiba," kama mtu anayeonja kitu asichokizoea, kisha akaketi.

Aibu ile huzidi mtu anapokumbuka kisiwa chenyewe ni kipi. Mwaka 1331 alifika hapo msafiri mashuhuri Ibn Battuta, akitokea Mombasa, akaukuta mji akausifu kuwa miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vizuri. Sultani wa wakati huo alikuwa al-Hasan bin Sulaiman, ambaye watu walimwita Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa, kwa jinsi alivyokuwa mtoaji. Msafiri huyo anasimulia kwamba siku moja Sultani alipokuwa akitoka katika sala ya Ijumaa, fakiri mmoja kutoka Yemen alimzuia njiani akamwomba nguo alizokuwa amezivaa. Sultani akaingia katika nyumba ya khatibu, akazivua, akavaa nyingine, na zile akampa fakiri. Baadaye mwanawe alizikomboa nguo zile, na fakiri akaondoka na malipo makubwa zaidi, ambayo ndani yake walikuwamo watumwa na pembe za ndovu. Tunakitaja na hicho cha mwisho, kwa maana hatupendi historia inayochuja mazuri tu. Watu waliotolewa zawadi walikuwa watu.

Basi katika kisiwa ambacho mfalme wake alivua nguo kwa ajili ya mgeni, sisi wageni tulishindwa kunawa mikono kwa ajili ya wenyeji.

Tuelekee sasa kwenye magofu yenyewe, maana ofisa anayekwenda lazima ajue anakwenda kutazama nini. Chombo kinapovuka kutoka Masoko, mwendo wa kilomita mbili hivi, kitu cha kwanza kuonekana ni Gereza, ngome iliyo ukingoni mwa bahari. Wareno waliwahi kujenga ngome Kisiwani mwaka 1505, baada ya kundi la meli na askari wao chini ya Francisco de Almeida kuuteka mji na kuupora. Wakaihama mwaka 1512. Hilo tunaloliona leo kwa sehemu kubwa ni kazi ya wakati wa utawala wa Waomani, mnamo mwaka 1800, juu ya mabaki ya Wareno. Wageni wengi hudhani Gereza ndilo la kale kuliko yote kwa kuwa ndilo lililosimama wima. Kinyume chake, ni miongoni mwa majengo ya mwishomwisho.

Kutoka hapo njia hupita kati ya nyumba za wanakijiji na kufika Msikiti Mkuu. Sehemu yake ya kaskazini ni ya karne ya 11 au 12. Sehemu kubwa ya kusini, yenye nguzo, matao na kuba, iliongezwa mwanzoni mwa karne ya 14, ikaja ikaanguka na kujengwa upya katika karne ya 15. Si mbali na hapo upo msikiti mdogo wa kuba, ambao ndani ya dari yake vilichomekwa vibakuli vya kauri vilivyoletwa kutoka ng'ambo. Lipo pia jumba la Makutani, lenye kuta ndefu, la karne ya 18. Vitu vyote hivi vimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa hapo hapo, na kuezekwa juu ya boriti za mikoko. Atakayeingia katika vyumba vya kale vya pwani na kustaajabu kwa nini ni vyembamba, jibu lake ni hilo: boriti haikuweza kuvuka upana mkubwa zaidi.

Hapo ndipo msafara wa saa mbili hukomea. Ndipo pia unapopoteza kilicho bora. Mwendo wa kilomita moja na nusu hadi mbili upande wa mashariki, juu ya genge linalotazama bahari, yapo magofu ya Husuni Kubwa, jumba la huyo huyo Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Lina vyumba zaidi ya mia moja, lina nyua zilizoshuka moja baada ya nyingine, lina bwawa la kuogea lenye pembe nane, na lina ngazi za kuteremkia pwani. Wataalamu waliofukua chini ya uongozi wa Neville Chittick, kuanzia miaka ya mwisho ya 1950, waliona kwamba jumba hilo halikupata kumalizika. Sisi tulipofika mara ya kwanza, tukiwa vijana wa shule, tuliketi ukingoni mwa bwawa lile lililokauka, mwalimu wetu akatuuliza maji yaliletwaje juu ya genge. Hakuna aliyejibu. Tungali twalifikiria swali hilo hadi leo, na hiyo ndiyo faida ya kupewa muda wa kuketi.

Kwa nini mji wa namna hiyo ukawa hapa na si kwingineko? Bahari ndiyo yenye jibu. Chombo kilichotoka Uarabuni au Bara Hindi kwa kaskazi kiliweza kufika Kilwa na kurudi kwa kusi ndani ya mwaka. Kusini zaidi ya hapo hesabu ya upepo ikawa ngumu. Dhahabu ya Sofala ilibidi ipitie mikononi mwa watu wa Kilwa, nao wakatajirika. Walipiga sarafu zao wenyewe za shaba. Sarafu ya Kilwa imeokotwa Zimbabwe Kuu, na nyingine chache ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini ya Australia, ambako zilifikaje ni fumbo.

Zamani, vitabu vya wakoloni vilituambia kwamba haya yote ni kazi ya wageni kutoka Uajemi na Arabuni, na kwamba mwenyeji kazi yake ilikuwa kubeba mawe. Wazee wa Kilwa nao wanayo hadithi yao, iliyoandikwa katika tarehe za kale, kwamba Ali bin al-Hasan wa Shiraz alikinunua kisiwa kwa nguo zilizotosha kukizunguka. Hadithi hiyo ni tamu, na hatuna nia ya kumpokonya mtu nasaba yake. Lakini udongo uliofukuliwa unaonyesha watu waliokuwa wakiishi hapo, wakivua, wakifinyanga vyungu na kufua chuma, kabla ya mawe ya kwanza kupangwa, na mji wa mawe ukakua juu ya mji wao wa miti na udongo. Wageni walikuja, wakaoa, wakasilimisha na kusilimishana mila. Mji ulibaki wa Waswahili. Mwanafunzi anayerudi kutoka Kisiwani bila ya kulijua hili amekwenda kutalii tu.

Wala asifichwe upande wa giza. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa elfu moja kila mwaka, wapelekwe katika visiwa vya Wafaransa vya Bahari ya Hindi. Katika karne iliyofuata biashara hiyo ikahamia zaidi Kilwa Kivinje, kwenye bara. Mwenye nafasi ya siku ya pili aende Kivinje. Ni mji mwingine na maelezo yake ni marefu.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yalitiwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakaingizwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa kuwa bahari ilikuwa ikila ukingo na mizizi ya miti ikipasua kuta. Ikafanyika kazi ya miaka mingi ya kuziba nyufa kwa chokaa, kufyeka, kujenga kinga na kupanda mikoko pwani, na mwaka 2014 yakatolewa katika orodha hiyo ya hatari. Mikono ya wanakijiji ilikuwamo katika kazi hiyo. Siku hizi usimamizi umo chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA. Mzee mmoja alitutania akauliza kama masultani nao wamehesabiwa katika wanyama wa porini. Tulicheka naye, ingawa tunaona utani wa wazee wa pwani mara nyingi huwa na swali ndani yake: mwenye kukitunza kisiwa kila siku ni nani, na anatajwa wapi katika karatasi?

Sasa tuje kwenye hesabu, kwa anayetaka kupanga.

Barabara kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 300, ya lami, na tangu Daraja la Mkapa juu ya Rufiji lifunguliwe mwaka 2003 hakuna tena kusubiri kivuko. Nangurukuru ndipo njia hugeuka kuelekea Masoko. Hata hivyo masika yaogopwe: mvua na tufani ya Hidaya ya Mei 2024 ziliikata barabara hiyo huko Somanga, na wasafiri wakakaa njiani. Miezi ya Juni hadi Oktoba ni mikavu, lakini kusi huchafua bahari, hasa alasiri. Wakati wa malelezi, upepo unapobadilika mwishoni mwa mwaka, bahari hulala, na huo sisi tunauona kuwa bora kwa mtu asiyezoea chombo. Kwa vyovyote vile mgeni alale Masoko usiku wa kuamkia siku ya kuvuka. Anayetoka Dar es Salaam alfajiri akitaraji kuvuka siku hiyo hiyo na kurudi, huyo anacheza.

Kisha maji. Ofisini hutazamwa kalenda ya ukutani, bahari haiijui. Tulipokuwa chuoni, mwalimu wetu wa Kurani alitufundisha kuuhesabu mwezi mwandamo kabla hatujajua kusoma Januari, na elimu hiyo ndiyo inayotakiwa hapa. Siku za bamvua, yaani moja mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya kuwa mpevu, maji hukupwa sana mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi, na pwani hukauka mbali. Siku za maji mafu, karibu na tarehe saba au nane na tena ishirini na mbili, maji hujaa mnamo wakati huo huo wa asubuhi, na chombo huweza kusogea karibu. Msafara wenye wazee na watu wa suti uchague maji mafu. Nahodha yeyote wa Masoko atayasema haya bila malipo, ila aulizwe kabla ya barua kupigwa chapa.

Kibali hukatwa Masoko, na kiongozi wa kuwatembeza wageni atoke Kisiwani kwenyewe. Makoti ya kuelea yahesabiwe vichwa kwa vichwa; asiwepo mkubwa wa kuona aibu kulivaa. Maji ya kunywa yachukuliwe, na taka zake zirudi. Mavazi yawe ya heshima, kwa kuwa misikiti ile ingawa imebomoka ni misikiti, na pembeni yake yamo makaburi. Siku ya Ijumaa wageni wasiingie kijijini kati ya adhuhuri na kumalizika kwa sala, isipokuwa wale wanaokwenda kusali. Na mwendo uanzie Husuni Kubwa, asubuhi kungali baridi, uishie Gerezani. Wengi hufanya kinyume, wakaikosa Husuni kwa jua na uchovu.

Kuhusu Songo Mnara tutasema machache. Ni mji wa kale uliozungushiwa ukuta, wa karne ya 14 hadi 16, katika kisiwa kilicho kusini zaidi. Una misikiti mitano, jumba kubwa na nyumba za mawe zaidi ya thelathini, na ni mtulivu kiasi cha mtu kusikia hatua zake mwenyewe. Lakini kuufikia kwataka kupita katika mikoko na pengine kutembea katika tope, nao una siku yake peke yake. Ofisa anayeandika katika ratiba "Kisiwani na Songo Mnara, saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana" aelezwe kwa upole kwamba ameandika jambo lisilowezekana.

Ndugu zetu wa Kisiwani nao wasidhani tumekuja kuwapamba tu. Yapo ya kurekebisha. Vigae na shanga vinavyookotwa magofuni na kuuzwa kwa wageni ni sawa na kuzing'oa kurasa za kitabu cha babu na kuziuza kwa muuza karanga. Bei ya chombo inayopanda pale mgeni anapoonekana kuwa na pupa humfukuza mgeni wa pili. Kamati ya kijiji ingeandika bei moja na kuibandika gatini, watu wote wakaiona, ugomvi mwingi ungekoma. Tunajua pia kwamba wanaouliza bei hiyo aghalabu hawaulizi kijiji kimebakiwa na nini baada ya wageni kwenda zao.

Mwaka huu tumeombwa tena kusaidia kuandaa safari, ya watu kumi na wanane, na safari hii tumeanza na barua ya kwenda, si ya kutoka. Tarehe imechaguliwa na nahodha na mwenyekiti wa kijiji, tarehe saba ya mwezi mwandamo, nayo imelazimu kikao kimoja cha ofisi kisogezwe mbele. Hotuba itasomwa Kisiwani, chini ya mwembe, na imekubaliwa iwe ya kurasa mbili. Chakula cha mchana kitapikwa huko, na fedha zake zimetangulia mikononi mwa akina mama wenyewe. Tulimwulizia yule bibi. Tukaambiwa yu hai, hajambo, na amekubali kupika. Ila ametuma neno kwamba mara hii wageni wanawe kwanza, ndipo waende kutazama mawe.